Ndoa za Siri za Gereza la Fleet

Leo twende mbali, mpaka mji wa London, Uingereza, miaka ya 1700. Tutasoma habari za ndoa za siri, na sheria iliyotungwa kuzikomesha.

Wakati ule kanisa lilitaka ndoa itangazwe Jumapili tatu, au wachumba wapate kibali. Lakini kasisi akifungisha ndoa pasipo hayo, ndoa ilikuwa halali vilevile. Kosa lilikuwa la kasisi. Wale wawili walikuwa mume na mke tayari.

Basi, London palikuwa na gereza liitwalo Fleet, la watu wenye madeni. Baadhi yao walikuwa makasisi. Kasisi aliyefungwa kwa deni angeogopa faini gani? Akafungisha ndoa kwa fedha. Baadaye kazi hiyo ilihamia katika nyumba na vilabu vya pombe vilivyozunguka gereza. Wapiga debe walisimama njiani wakiwauliza wapita njia kama wanataka kuoana!

Tusidhani waliokwenda huko wote walikuwa wahuni. Wengi walikuwa watu wa kawaida, mafundi na mabaharia, waliotaka ndoa ya haraka na ya bei nafuu. Taabu ilikuja baadaye. Makasisi wale waliandika ndoa katika madaftari yao wenyewe. Ukiongeza fedha, waliandika tarehe ya nyuma, hasa kama mtoto amekwisha zaliwa. Sasa mume akifa, au akikana, mke apeleke ushahidi gani mahakamani? Daftari kama hilo nani ataliamini? Mjane aliweza kukosa urithi, na watoto wakaitwa wa nje ya ndoa.

Mwaka 1753 Bunge lilipitisha sheria mpya. Huitwa Sheria ya Hardwicke, kwa jina la kiongozi aliyeisimamia. Ilianza kutumika tarehe 25 Machi, 1754. Ndoa ifungwe kanisani, kwa matangazo au kwa kibali, na iandikwe katika kitabu cha kanisa. Bwana, bibi, kasisi na mashahidi wawili watie sahihi. Asiyejua kuandika aliweka alama tu, mara nyingi msalaba. Kasisi aliyevunja sheria alihukumiwa kupelekwa makoloni ya Amerika miaka 14. Na aliyeghushi kitabu, adhabu yake ni kifo!

Sisi tunaona kitabu kile kiliwafaa sana wanawake. Lakini matajiri nao walikuwa na lao: kijana wa chini ya miaka 21 hakuweza kuoa kwa kibali bila ruhusa ya mzazi. Walihofia mali zao.

Vijana nao wakatafuta njia. Sheria haikuhusu Scotland, ambako ilitosha wawili kutamka mbele ya mashahidi kwamba wanaoana. Wakakimbilia Gretna Green, kijiji kilichopo mpakani. Mwaka 1856 sheria nyingine ilitaka mmoja wao awe amekaa Scotland siku 21 kwanza. Mbio zikapungua.

Maswali ya kikundi: Kwa nini madaftari ya Fleet hayakuaminika? Je, ruhusa ya mzazi ilimlinda nani?