Umeshinda Kesi kwa Gharama? Siku 60 Zimeanza Kuhesabiwa

Hukumu ya kesi ya madai inapomalizikia kwa maneno "pamoja na gharama", wengi hutoka mahakamani wakiamini fedha zitafuata zenyewe. Hazifuati. Amri hiyo inakupa haki ya kudai; kiasi chenyewe hakijulikani mpaka uwasilishe hati ya gharama, nayo ipitiwe na kukadiriwa. Kwa Tanzania Bara, Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 (Tangazo la Serikali Na. 264) imeweka siku 60 za kuiwasilisha, tangu tarehe ilipotolewa amri ya kulipwa gharama.

Kuhesabu siku

Tuseme hukumu imesomwa tarehe 3 Machi. Siku hiyo haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi, na ya 60 ni tarehe 2 Mei. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za katikati zote zimo ndani ya hesabu. Siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, ndipo unapoweza kuwasilisha siku ya kazi inayofuata.

Kinachowaponza watu zaidi ni kusubiri. Mmoja anangoja nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri, mwingine amesikia mpinzani wake anakata rufaa, akaona ni heri atulie kwanza. Hesabu inaanzia kwenye amri, si siku uliyokabidhiwa nakala. Omba nakala kwa barua siku ileile, ubaki na barua yenye muhuri wa mapokezi, kisha anza kuandaa hati yako. Kama rufaa imekatwa, muulize wakili mapema la kufanya. Kujiamulia kimya kimya kusubiri ni hatari.

Hati yenyewe ina safu za tarehe, namba ya kipengele, maelezo ya kazi au matumizi, kiasi kinachodaiwa, na nafasi ya mkadiriaji kuandika anachokata. Katika Mahakama Kuu, mkadiriaji kwa kawaida ni Naibu Msajili. Anaweza kukutaka uoneshe stakabadhi: ada za mahakama, uchapaji, nauli. Anayeanza kutafuta risiti hizo baada ya hukumu tayari amechelewa. Ziweke kwenye bahasha moja tangu siku ya kufungua kesi.

Usiongeze chumvi pia. Ukidai shilingi milioni 6, bila kuhesabu ada za mahakama, na zaidi ya moja ya sita, yaani zaidi ya milioni 1, ikakatwa, unapoteza haki ya kulipwa gharama za ukadiriaji huo.

Ukiwa umeshachelewa

Usiingize hati iliyopitwa na muda kwa matumaini kwamba hakuna atakayegundua. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inataka shauri lililoletwa nje ya muda litupwe hata kama upande wa pili haukupinga. Njia sahihi ni kuomba kwanza kuongezewa muda, kwa maombi yanayoambatana na kiapo kinachoeleza sababu za msingi.

Hapa ndipo kazi ilipo. Katika shauri la Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010), Mahakama ya Rufani ilieleza vigezo: muombaji atoe maelezo ya kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aoneshe bidii, si uzembe. Kwa hiyo kiapo kisemacho "nilikuwa naumwa" hakitoshi. Taja tarehe uliyolazwa, tarehe uliyoruhusiwa, na ulifanya nini kuanzia hapo mpaka siku ya kuwasilisha maombi, kisha ambatisha cheti cha hospitali. Kutojua sheria hakukubaliki kama sababu, na uzembe wa wakili wako kwa kawaida haukuokoi.

Usiporidhika na kiasi kilichokadiriwa, una siku 21 za kupeleka marejeo kwa Jaji wa Mahakama Kuu. Muda huu ni mfupi na hupita haraka kuliko ule wa kwanza.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikae nyumbani na hukumu yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Mfuate aliye karibu nawe wiki hiyohiyo ya hukumu, ukiwa na stakabadhi zako mkononi.