Somo la Wanachama: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Huletaje Njaa?



Katika safari zangu za ukaguzi hupenda kuwauliza wanachama sababu ya njaa. Jibu la kwanza huwa ni mvua. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, na uhasama wa makabila na koo unaovitangulia. Ili tulielewe jambo hili vema, tutazame yaliyowapata wakulima wa kusini mwa Somalia katika miaka ya 1991 na 1992.

1. Wakulima waliokuwa na akiba

Kusini mwa Somalia, kati ya mito ya Juba na Shabelle, ndiko kwenye ardhi bora ya kilimo ya nchi hiyo. Katika Mkoa wa Bay, wenye mji wa Baidoa, watu hulima mtama na kufuga. Kwa kuwa mvua za huko si za kutegemewa, wazee wao walibuni ghala la chini ya ardhi liitwalo bakaar. Shimo huchimbwa, hutandikwa mabua, hujazwa mtama, kisha hufukiwa kwa udongo. Mwaka wa neema hulisha mwaka wa ukame.

Ukame hawakuanza kuujua mwaka 1991. Mwaka 1974 na 1975 Somalia ilipatwa na ukame mkali, mifugo mingi ikafa na watu kwa maelfu wakapoteza maisha. Hata hivyo serikali ilikuwapo na njia zilipitika, na wafugaji wapatao 100,000 walihamishiwa katika makazi mapya ya kilimo na uvuvi. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini mkono wa msaada uliweza kuwafikia watu.

2. Vita vilivyoivunja akiba hiyo

Januari 1991 utawala wa Siad Barre uliangushwa. Waliouangusha hawakupatana, na kuanzia Novemba mwaka huo makundi ya Ali Mahdi Mohamed na Mohamed Farah Aidid yakapigana ndani ya Mogadishu. Wakati huohuo majeshi yalipita na kurudi katika nchi ya wakulima, hadi Siad Barre alipokimbilia Kenya Aprili 1992. Madhara yake yalifuatana hivi:

(a) Ghala. Wapiganaji waliishi kwa kupora. Mashimo ya mtama yalifukuliwa na mifugo ikaswagwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Kule haikuoza, iliporwa.

(b) Mbegu. Aliyeporwa mtama wa kula huporwa na wa kupanda. Mvua zilipofika zilimkuta hana mbegu wala ng'ombe, au amekwisha kulikimbia shamba lake. Ndivyo njaa ya mwaka mmoja inavyozaa njaa ya mwaka unaofuata.

(c) Njia na bandari. Mapigano yalizuia meli na malori. Chakula cha msaada chenyewe kikawa mali ya kunyang'anyana. Kwa sababu hiyo Msalaba Mwekundu ulifungua mamia ya majiko na kuwagawia watu chakula kilichopikwa, kwa maana uji huporwa kwa shida kuliko gunia.

(d) Ukoo. Wengi waliokufa walikuwa wakulima wa Rahanweyn na Wabantu wa bonde la Juba. Hawakuwa na silaha za kutosha, wala hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwatetea. Aliyelima ndiye aliyekufa njaa, na aliyeshika bunduki ndiye aliyeshiba.

Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa. Ukame ulikuwapo, lakini ukame haufukui maghala.

3. Umaskini uliobaki nyuma

Miongoni mwa Wabantu hao wamo Wazigua, ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pande za Tanga. Baadhi yao waliikimbia vita hii wakaingia Tanzania, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Wengi wamekwisha pata uraia. Tuwaze hasara ya mkulima wa namna hiyo: ameacha shamba la mtoni, mifugo, vifaa, na majirani waliokuwa wakisaidiana naye. Ghala huweza kujazwa tena kwa misimu michache. Kuaminiana huchukua umri wa kizazi.

4. Jambo hili latuhusuje?

Chama chetu si jeshi, nasi hatumo vitani. Lakini uhasama hauanzii kwenye bunduki. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi ambacho wanachama wake walikuwa wa asili mbili. Mizani ilikuwa sahihi na jumla za vitabu zililingana. Hata hivyo, kila msimu watu wa upande mmoja walilipwa kwanza, na wa upande wa pili wakangoja kwa miezi. Waliongoja wakachoka, wakawauzia walanguzi mahindi yao kwa bei ya kutupa. Ghala la wote likabaki nusu tupu, na mvua zilipopungua pande zote mbili zilinunua chakula kwa bei ya kuumiza.

Sina budi kukiri kwamba mwaka uliotangulia mimi mwenyewe niliandika "hesabu ni sahihi". Nilitazama jumla, sikutazama nani alilipwa lini. Tangu hapo nimejifunza kwamba leja yaweza kulingana huku chama kikivunjika.

Kwa hiyo kila Katibu azingatie haya:

(i) Malipo yafuate namba za stakabadhi, na orodha ibandikwe hadharani.

(ii) Ghala liwe na kufuli mbili, na wenye funguo wasiwe wa ukoo mmoja.

(iii) Mbegu ziwekwe mbali na chakula, wala zisiguswe ila kwa idhini ya mkutano mkuu.

(iv) Lalamiko la upendeleo liandikwe katika kumbukumbu na lijibiwe katika kikao kinachofuata, hata kama mlalamikaji ni mmoja.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini ghala la bakaar liliwaokoa wakulima katika ukame, lakini halikuwaokoa katika vita?

2. Katika chama chenu, nani hulipwa kwanza, na kwa utaratibu gani?

3. Mvua zikikosekana mwaka huu, je, mwanachama asiye na ndugu kwenye kamati atapata haki yake ghalani? Mkisita kujibu, anzeni kazi hapo.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika