Mke wa Mfalme na Mume wa Malkia

Tarehe 6 Februari, 1952, Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki usingizini. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya pamoja na mumewe, Philip, Duke wa Edinburgh. Naye Philip ndiye aliyempasha habari ya msiba huo walipokuwa Sagana, karibu na Nyeri. Saa hiyo Elizabeth alikuwa amekwisha kuwa Malkia. Lakini mumewe hakuwa Mfalme. Watu wengi wameuliza: ikiwa mke wa Mfalme huitwa Malkia, mbona mume wa Malkia haitwi Mfalme?

Jawabu lake ni kwamba neno Malkia lina maana mbili. Yuko Malkia aliyerithi kiti cha enzi, atawalaye kwa haki yake mwenyewe. Na yuko Malkia aliyekipata cheo hicho kwa kuolewa na Mfalme. Huyu wa pili ana heshima kubwa, lakini hana mamlaka ya kutawala. Neno Mfalme, kwa upande wake, humfahamisha mtu kuwa huyo ndiye mtawala. Tena, kwa desturi ya Waingereza, mke hupanda daraja ya mumewe, bali mume hapandi daraja ya mkewe. Cheo chake hutegemea hiari ya mwenye taji.

Malkia Victoria aliolewa na Albert mwaka 1840, lakini alimpa cheo cha Prince Consort, yaani mume wa Malkia, mwaka 1857, baada ya miaka 17. Philip hakupewa cheo hicho kamwe. Malkia Elizabeth alipotawazwa tarehe 2 Juni, 1953, Philip alipiga magoti mbele ya mkewe akaapa kumtii kama raia wengine. Mwaka 1957 alipewa daraja ya Prince wa Uingereza, akakaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2021.

Mambo haya si madogo, maana yamewahi kumwondoa Mfalme katika enzi yake. Mwaka 1936 Edward wa Nane alitaka kumwoa Bibi Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachana na mume mmoja, na shauri la kuachana na wa pili likiwa halijakwisha. Edward alishauri kwamba awe mkewe pasipo kuitwa Malkia. Waziri Mkuu, Stanley Baldwin, na mawaziri wenzake walikataa, kwani sheria haikuwa na nafasi ya mke wa namna hiyo. Basi Edward akajiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Alipomwoa mwaka 1937, yeye aliitwa Mtukufu, lakini mkewe alinyimwa heshima hiyo hadi kufa kwake mwaka 1986.

Nyakati hubadilika. Camilla, aliyeolewa na Charles mwaka 2005, naye pia alikuwa ameachana na mume wa kwanza. Na ilitangazwa wakati ule kuwa hataitwa Malkia. Lakini mwaka 2022 Malkia Elizabeth alieleza nia yake kwamba aitwe hivyo, na tarehe 6 Mei, 2023, akavikwa taji pamoja na mumewe.

Basi msomaji asikiapo neno Malkia, na aulize kwanza: Je, amerithi, au ameolewa? Ndoa yaweza kuleta taji kichwani. Utawala hauletwi na ndoa.