Kufuta mistari katika jedwali la msamiati

Kilega, kinachosemwa Pangi, hutofautisha maneno kwa toni ya juu na ya chini. Tukiweka msamiati wake katika jedwali la MySQL 8, amri ya DELETE hufuta kila mstari unaotimiza sharti la WHERE. Bila sharti, jedwali lote hubaki tupu. Lakini sharti la tahajia pekee halitoshi: kwa mpangilio wake wa kawaida, programu hiyo huhesabu á na à kuwa herufi moja. Ukifuta neno moja, mwenzake wa toni nyingine naye hufutika, pamoja na maana tuliyopewa na msemaji. Basi kila mstari uwe na namba yake:

SELECT * FROM msamiati WHERE namba = 45;
DELETE FROM msamiati WHERE namba = 45;

Amri ya kwanza huonyesha kitakachofutwa. Tukisome kabla ya kutoa ya pili.