Samaki wa Mto Mara na haki ya kutilia shaka

SWALI: Machi 2022 samaki walikufa Mto Mara, maji yakawa meusi. Kamati ya Serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo. Huku Tarime tuliguna. Je, kutowaamini wataalamu ni kukosa akili?

JIBU: La, ila angalia shaka yako inaishia wapi. Wafuasi wa Pyrrho, Mgiriki wa kale, walisitisha hukumu pande zote. Wengi wetu tulikataa kinyesi, papo hapo tukaapa kwamba chanzo ni mgodi wa North Mara. Hiyo si shaka, ni imani iliyohama kambi.

Na kinyesi si kichekesho. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa upande wa Kenya wa mto huohuo, kinyesi cha viboko kikisombwa na mafuriko humaliza oksijeni na kuua samaki. Unaonyesha tu kwamba jambo hilo linawezekana. Ya 2022 hauyathibitishi. Wala mguno wenu haukuzuka hewani: mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi huo hadi Mto Tigithe. Aliyewahi kuumwa ana sababu ya kudai ushahidi zaidi.

Basi daini: sampuli zilichukuliwa wapi, siku gani, na maabara ipi nyingine ilizipima?