Mfupa Hujengwa, Haupondwi: Somo Kuhusu Vijana Wanaocheza Karate na Taekwondo



Siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza karate, taekwondo na ndondi za mateke. Wanafanyia mazoezi katika ukumbi wa parokia, darasani baada ya masomo, ama nje uwanjani. Mchezo wenyewe si mbaya. Unafundisha nidhamu na kumpa kijana kazi ya kufanya jioni. Hata Olimpiki tumefika: Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya katika taekwondo kule Tokyo mwaka wa 2021. Lakini kuna zoezi moja linalofaa tuliangalie kwa makini, nalo ni kupigapiga miundi ili ati "ikomae".

Mwenyekiti, tenga saa moja kwa somo hili. Tutumie njia yetu ya Tazama, Amua, Tenda.

TAZAMA

Wanakikundi wawili waigize mbele ya wenzao:

MAMA: Mbona unachechemea, baba?
KIJANA: Si kitu, mama. Tunakomaza miundi. Tunaisugua na chupa ya soda, halafu tunapiga nguzo.
MAMA: Na hapa pamevimba!
KIJANA: Uchungu ukiisha, mfupa umekuwa chuma. Ndivyo wakubwa wanasema.
MAMA: Basi ngoja nimwite mzee aje akukande.

Jadilianeni: Mambo haya yako kwetu? Mama na kijana wamekosea wapi? Ni mzazi gani kati yetu amewahi kwenda kuona mazoezi yenyewe?

AMUA

1. Mfupa ni kitu hai. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka wa 1892 kwamba mfupa hujibadilisha kulingana na mzigo unaoubeba. Kwa hiyo ni kweli kwamba mazoezi huimarisha mfupa. Lakini unaimarika kwa njia gani? Fundi akitengeneza ukuta wenye nyufa, kwanza hutoa matofali mabovu, ndipo ajenge upya. Mfupa nao hufanya hivyo. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kidogo. Ukiendelea kuupiga kila siku, ufa mdogo unakuwa mkubwa mpaka mfupa uvunjike.

2. Kuzoea uchungu si kuwa na nguvu. Mbele ya muundi hakuna nyama. Ni ngozi na utando mwembamba juu ya mfupa. Chupa na fimbo huumiza utando huo pamoja na mishipa ya fahamu. Baadaye kijana hasikii sana, akadhani amekomaa. Uchungu ni mlinzi wa mwili. Mlinzi akilala, haina maana kwamba mwizi ameenda.

3. Mtoto bado anakua. Karibu na goti na karibu na kifundo cha mguu kuna sehemu laini ambapo mfupa hurefuka. Kwa kawaida hukauka na kuwa mfupa mgumu kati ya miaka 13 na 15 kwa wasichana, na 15 na 17 kwa wavulana. Sehemu hiyo ikiumizwa vibaya, mguu unaweza kubaki mfupi ama kupinda maisha yote. Huyo ndiye kijana tunayemtegemea kulima na kubeba maji.

4. Wengine watasema, "Lakini mabondia wa Thailand wana miundi kama chuma!" Kweli ni migumu, lakini hasa kwa sababu ya kupiga gunia na pedi maelfu ya mara, kwa miaka mingi. Na katika mashindano ya taekwondo mchezaji huvaa vikinga muundi. Kama bingwa anakinga muundi wake, mtoto wa miaka 12 aupige kwenye nguzo kwa nini?

Someni 1 Wakorintho 6:19-20. Ulizaneni: mwili huu ni wa nani, na tumepewa tuufanyie nini?

TENDA

Mambo ya kufanya:

• Shoneni gunia la mazoezi, mlijaze nguo kuukuu. Msitie mchanga, kwa maana hushuka chini na kuwa mgumu kama jiwe. Nguo nazo hushikana, kwa hivyo lipindueni kila mara. Ukibonyeza kwa kiganja na halibonyei, ni gumu mno kwa mtoto.
• Mateke ya gunia yawe siku mbili ama tatu kwa wiki, zisizofuatana. Anayeanza aanze na machache, kwa nguvu kidogo, na kuongeza polepole.
• Kuruka kamba na kukimbia huimarisha mifupa ya mtoto vizuri kuliko fimbo.
• Chupa, fimbo, nguzo na miti, hapana kabisa.
• Chakula ndiyo saruji ya mfupa. Maziwa ama mala, omena wanaoliwa na mifupa yake, uji wa wimbi, sukuma wiki, maharagwe. Pesa ya soda inunue maziwa. Jua pia husaidia mwili kutumia chakula hicho.
• Kijana alale vya kutosha. Mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Mpelekeni kituo cha afya mkiona:

• Uchungu mahali pamoja unapoweza pagusa kwa kidole, unaozidi akikimbia, ama unaomwamsha usiku. Asimamishe mateke siku hiyo hiyo. Ufa mdogo huenda usionekane kwenye eksirei ya wiki za kwanza, kwa hivyo asirudi mazoezini kwa sababu picha ni safi. Arudi kwa daktari kama bado anaumwa.
• Kidonda juu ya muundi pamoja na homa. Usaha unaweza kuingia mfupani.
• Mguu umevimba na kuwa mgumu, uchungu ni mkali, vidole vimekufa ganzi. Hii ni dharura, msingoje asubuhi.
• Msichana anayefanya mazoezi sana na amekosa hedhi miezi mitatu. Mifupa yake inaweza kuwa inakosa nguvu.

Tunawaheshimu wazee wetu wakandaji, lakini mguu wa namna hii usikandwe wala usifungwe kwa nguvu. Ukifungwa sana damu haipiti, na mtu anaweza kupoteza mguu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni nani wawili watakaozungumza na mwalimu wa mchezo, kwa heshima na si kwa vita?
2. Nani ana gunia na nguo kuukuu za kutoa?
3. Kijana akiumia, nauli ya kufika kituo cha afya itatoka mfuko gani?

Katibu aandike majibu na majina kwenye kitabu cha kikundi. Mkutano ujao, kabla ya jambo lingine lolote, waliotumwa watoe ripoti.