Diski mpya imetokea yenyewe kwenye kompyuta? Usifomati kwanza, soma hapa

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo. Naongelea kitu kilichobaki kidogo tu kinifutie biashara, na wengi wetu tunaweka kila kitu kwenye kompyuta moja ya nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa, nina oda 14 za kufunga kabla basi la mikoani halijaondoka. Usiku wake Windows ilikuwa imejisasisha. Asubuhi nachomeka diski yangu ya nje, nabofya njia ya mkato ya daftari la oda, linagoma kufunguka. Naingia This PC, naona diski E. Haina jina, ina mstari mwekundu kwamba imejaa, lakini ukiifungua ndani hamna kitu. Na kila baada ya muda unaruka ujumbe kwamba nafasi imeisha.

Sasa shida ni kwamba E ndiyo ilikuwa herufi ya diski yangu ya nje, yenye picha zote na madeni ya wateja. Jirani akaniambia, "Hicho kirusi, fomati tu." Mkono ulishafika kwenye Format.

Kilichoniokoa ni kuangalia ukubwa. Diski yangu ni ya GB 500. Ile E ilikuwa MB 450. Diski haiwezi kusinyaa usiku mmoja jamani! Kuangalia chini yake kuna F. Naifungua, picha zote zipo, daftari lipo. Hakuna kilichopotea, ilibadilika herufi tu.

Kwa nini inatokea

Diski ya ndani ya kompyuta imegawanywa vyumba. Kimoja ni C unachokijua. Vingine ni stoo za Windows yenyewe: kimoja kidogo cha kuwashia kompyuta, kingine cha kuitengeneza ikigoma kuwaka. Stoo hizi kwa kawaida hazina herufi, ndiyo maana huzioni. Sasisho likikosea, linaipa stoo herufi, nayo inatokea kama diski mpya. Mwaka 2018 sasisho la Windows 10 la mwezi Aprili, toleo 1803, lilifanya hivyo kwenye kompyuta za watu wengi. Inaonekana tupu kwa sababu mafaili yake yamefichwa, na imejaa kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Ukiifomati, siku Windows ikigoma huna pa kuitengenezea.

Hatua ya 1: Itambue kabla ya kuigusa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Utaona vyumba vyote na ukubwa wake. Kama hiyo diski ngeni iko kwenye mstari mmoja na C, ina MB mia kadhaa mpaka karibu GB 1, na imeandikwa Recovery Partition, basi ni stoo. Usifute, usifomati.

Kama haiko mstari mmoja na C, jiulize:
- Umechomeka modemu ya intaneti? Modemu nyingi hujionyesha kama CD yenye programu yake.
- Umeweka programu ya Google Drive? Inaleta diski yake, mara nyingi G. Ukifuta kitu humo, kinafutika na kwenye akaunti yako, kwa hiyo usisafishe ovyo.
- Kompyuta ina tundu la memori kadi? Tundu tupu nalo linaweza kuonyesha diski.

Hatua ya 2: Ondoa herufi, siyo vilivyomo

Hii ni kwa ile stoo tu. Tafuta cmd kwenye kitufe cha Windows, bofya kulia, chagua Run as administrator. Andika:

mountvol E: /D

Weka herufi ya diski ngeni mahali pa E. Angalia mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, na kamwe usiweke C. Amri hii haifuti faili hata moja, inabandua herufi tu. Ukikosea ukabandua ya diski yako ya nje, unairudisha kule kule Disk Management na vitu vyako viko salama. Herufi ikirudi tena baada ya kuwasha upya, mpelekee fundi unayemwamini, na mwambie mapema: hakuna kufomati.

Hatua ya 3: Ipe diski ya biashara herufi yake

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kule Disk Management, bofya kulia diski yako ya nje, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change, uipe herufi ya mbali. Mimi nimechagua M, ya Mauzo. Kompyuta hiyo itaikumbuka, na sasisho likija halitaigombania kirahisi. Halafu bofya kulia, Rename, iandike jina, mfano PICHA NA ODA. Jina halibadiliki hata herufi ikibadilika. Njia za mkato za zamani zitagoma, tengeneza mpya.

Neno la mwisho

Ukiona ujumbe unakuambia ufomati diski ndiyo uweze kuitumia, bonyeza Cancel. Kompyuta haijui kama humo kuna madeni ya wateja wako. Kwanza angalia ukubwa, halafu jina, halafu iko mstari gani. Ni dakika tano tu.

Na daftari la oda lisiwe sehemu moja. Mimi kila jioni nikifunga hesabu nanakili kwenye flashi na najitumia kwenye barua pepe. Siku ile niliwahi basi, oda zote 14 zikaondoka. Ningemsikiliza jirani na diski yangu ndiyo ingekuwa E, leo ningekuwa nawapigia wateja mmoja mmoja kuwauliza walilipa nini.

Mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni. Na kama yako ina diski usiyoielewa, niandikie ukubwa wake hapo chini kabla hujaigusa.